Je, wajua eksirei hutofautishaje tumbawe la pwani ya Tanga na jiwe la Amboni?

Okota kipande cha tumbawe ufukweni Tanga, kisha kipande cha jiwe la chokaa kutoka Amboni, kwenye mapango. Ukividondoshea siki, vyote hutoa povu. Ukivichoma kwenye tanuri, vyote huwa chokaa. Hata vipimo vya kemia husema ni kitu kimoja, kalsiamu kaboneti.

Kinachotofautiana ni mpangilio. Tumbawe bichi ni aragonaiti, mpangilio mmoja wa kalsiamu kaboneti: kila atomi ya kalsiamu imezungukwa na oksijeni 9. Jiwe la kale la chokaa kwa kawaida ni kalisaiti, mpangilio mwingine, na humo oksijeni ni 6, zote umbali wa nanomita 0.236 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). (Mawe ya matumbawe kama yale ya magofu ya Tongoni si kipimo kizuri, kwa kuwa maji ya mvua hugeuza aragonaiti kuwa kalisaiti polepole.)

Nani basi aliyehesabu oksijeni hizo? Elektroni. Nishati ya eksirei ikifika elektronivolti (kipimo cha nishati) 4,038 hivi, hung'oa elektroni ya ndani kabisa ya kalsiamu, na ufyonzaji wa eksirei hupanda ghafla. Elektroni iliyong'oka husambaa kama wimbi, hugonga atomi za jirani na kurudi, mithili ya mawimbi yanayogonga gati kisha yakakutana na yanayokuja. Kilele kikikuta kilele, ufyonzaji huongezeka. Kikikuta bonde, hupungua. Kwa hiyo ukizidi kupandisha nishati, mstari wa grafu ya ufyonzaji hupanda na kushuka. Mipando iliyosongamana huonyesha majirani walio mbali. Urefu wa mipando huonyesha idadi yao. Mwaka 1971 wanasayansi Sayers, Stern na Lytle walionyesha jinsi ya kuigeuza grafu hiyo kuwa umbali halisi kwa hesabu za Fourier, zinazotenganisha mawimbi yaliyochanganyika.

Mashine ya eksirei ya hospitali haifai hapa, maana hutoa nishati nyingi zilizochanganyika. Hutumika sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi mno, ambayo mwanga wake ni mkali na nishati yake huchaguliwa hatua kwa hatua.

Kazi nyingi huharibikia kwenye kuandaa sampuli. Eksirei za nishati hii huishiwa nguvu ndani ya takriban mikromita 10 tu za kalisaiti, hivyo unga uwe laini mno, uchanganywe na boroni nitridi na kukandamizwa uwe kidonge. Ukiacha mabonge na matundu, eksirei hupenya bila kufyonzwa, mipando hufifia, nawe utahesabu majirani pungufu. Twanga kwa mkono, taratibu: aragonaiti ikipata joto la nyuzi 400 hivi hugeuka kalisaiti, na mashine ya kutobolea sampuli inaweza kuipasha joto vya kutosha kukudanganya. Hewa nayo ni mlafi: sentimita 10 zake hufyonza zaidi ya nusu ya eksirei, ndiyo maana njia ya eksirei hujazwa gesi ya heli.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji fuwele. Kalsiamu iliyoyeyuka majini nayo hupimika: hukutwa na molekuli 6 hadi 8 za maji, umbali wa takriban nanomita 0.24. Tabaka la maji liwe nene milimita 0.1 au 0.2 tu, kati ya vidirisha vya plastiki nyembamba. Na yasituame, kwa sababu mionzi huyavunja maji yenyewe na kutoa viputo vya gesi. Kiputo kimoja kikipita mbele ya mwale, grafu huruka.