Jamani, asali nayo ni sukari!

Jana saa nne ya usiku nishaosha vyombo, nataka kulala, mara wasap inalia: "Dada naomba trei moja ya chokleti za mgonjwa wa sukari, ila usitie zile dawa zako, tia asali tu, asali haina neno." Mie natengeneza chokleti za wenye kisukari, na hizo anazoziita dawa ni erithritoli, unga mtamu nnaotia badala ya sukari. Nikaigeuza simu uso chini. Hii ya ngapi mwezi huu hata sikumbuki, na nnajua baada ya asali inakuja tende, baada ya tende sukari guru, na wa mwisho atakwambia hata juisi ya miwa ya Forodhani hapa Unguja ni kitu asilia haidhuru. Haya leo naandika, atakaeniuliza tena natuma linki nalala.

Asali. Katika gramu 100 za asali, gramu 80 na kitu ni wanga, na karibu wote ni sukari, kilobaki ni maji. Lakini linalonitoa roho ni hili neno "natia kijiko kimoja tu". Chukua mizani yako ya jikoni upime, mie nimepima: kijiko kikubwa cha sukari ni gramu 12 au 13 hivi, kijiko hichohicho cha asali ni gramu 21, maana asali nzito, na ndani yake mna wanga gramu 17. Kwa hiyo kijiko kwa kijiko, asali imeishinda sukari! Umeruka nini umekanyaga nini, msemo mnaujua siumalizii.

Sasa niwe mkweli. Asali inakoza utamu kuliko sukari kwa hiyo utatia kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya sukari yake ni fruktosi, sukari ya matunda, ambayo haipandishi sukari ya damu mbio kama glukosi. Tofauti ipo. Ni ndogo lakini, na hakuna mtu nnaemjua anaetia kidogo kweli. Na msiniletee ya kuwa napinga Kurani, nishaambiwa hivo na mtu mzima na heshima zake. Sipingi, mna shifaa ndani yake na mie nikikohoa naramba, ila sijaona pahala tulipoambiwa tuijaze kwenye kakao tumpe mwenye sukari ya 12 kwenye damu (mmol kwa lita).

Tende hivohivo. Tende moja ya Medjool, ile kubwa nyororo, ina wanga kama gramu 18. Mtu anasaga tende 20 na unga wa kakao, anaviringisha vidonge, anaandika "salama kwa kisukari". Vitamu, sikatai, Ramadhani navila mwenyewe. Lakini hiyo ni tende imevaa buibui.

Mama yangu ana sukari mwaka wa tisa huu. Idi moja aliletewa kiboksi kimeandikwa bila sukari, alokitengeneza katia asali kwa nia njema kabisa. Bi mkubwa asubuhi alikuwa 6.8, akala vipande vinne kwa furaha maana kaambiwa halali yake, baada ya saa mbili 14.2. Kipimo kimoja si utafiti, najua, na pilau nayo ilikuwepo mezani. Ila tangu siku ile neno "asilia" likitajwa mbele yangu sina subira.

Na hata tuuwache ugonjwa tuje kwenye ufundi wenyewe, asali inaharibu chokleti! Chokleti iloyeyuka ni mafuta yamebeba unga mkavu, asali ina maji kama asilimia 17 na zaidi, basi ukiichanganya tu mchanganyiko unashikana unakuwa donge kama ugali ulomshinda mpishi, na mafuta yanajitenga pembeni. Hata mvuke wa sufuria ya chini ukiingia, hata mwiko hukuufuta vizuri, donge. Halafu lawama anapewa muuza kakao pale Darajani.

Mie natia hivi: siagi ya kakao gramu 100, unga wa kakao usio na sukari gramu 60, erithritoli ilosagwa gramu 40, chumvi chembe, hiliki. Yayusha siagi kwenye bakuli juu ya maji ya moto, chekecha unga, koroga, mimina. Vinatoka vipande 20 vya gramu 10, na ukitoa nyuzinyuzi na erithritoli, ambazo hazigeuki sukari mwilini, kila kipande hakifiki gramu moja ya wanga. Erithritoli isage kwenye blenda kavu mpaka iwe poda ya kupaka mtoto, maana haiyayuki kwenye mafuta, ukiitia chenga utatafuna mchanga wa pwani. Ukitaka njugu tia lozi au karanga, korosho kidogo tu, korosho ina wanga kuwashinda wote hao.

Hapo kwenye siagi ya kakao ndo watu wananikimbia, ghali, wanataka mafuta ya nazi kama walivoona kwenye video. Jamani zile video zimepigwa kwenye nchi za baridi! Mafuta ya nazi yanayayuka kwenye nyuzi joto 24, hapa kwetu chupa ya mafuta ya nazi mwaka mzima ni maji, labda alfajiri za kipupwe ndo utayaona yameganda kidogo. Siagi ya kakao inakwenda mpaka 34 hivi. Kwa hiyo ya nazi itatoka frizani nzuri inang'ara, mgeni akiishika tu inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Na usijidanganye kuchanganya nusu kwa nusu, yakichanganyika yanazidi kulainika. Kama huna pesa ya siagi ya kakao tumia mafuta ya nazi, sikukatazi, ila kula umesimama karibu na friji.

Vitabu vinasema chokleti lazima uitempe, uipashe ifike 45 na zaidi, uipooze mpaka 27 au 28, uipandishe tena 31 ndo ing'are na ivunjike kwa mlio. Sawa, lakini kaskazi ya Februari jikoni kwangu penyewe pana 31! Nafanya baada ya sala ya alfajiri feni ikiwa imezimwa, na bado trei moja katika tatu inanitoka na weupe juu. Si ukungu huo, ni mafuta yamepanda, inalika.

Zile za dukani za "haijaongezwa sukari" geuza nyuma usome. Ukikuta maltitoli, utamu mwengine wa badala ya sukari, inapandisha sukari, si kama sukari yenyewe lakini inapandisha, na ukila nyingi choo utakijua.

Sasa hizo "dawa zangu". Erithritoli haipandishi glukosi, sehemu kubwa inatoka na mkojo kama ilivoingia. Lakini mwaka 2023 ulitoka utafiti kwenye jarida la Nature Medicine, wenye erithritoli nyingi kwenye damu walionekana kupata zaidi maradhi ya moyo na kiharusi. Mwili nao unaitengeneza wenyewe, kwa hiyo si ushahidi kuwa kula ndiko kulikosababisha, ila lilinikosesha usingizi nikapunguza kutoka gramu 60 mpaka hizo 40, na mama simpi zaidi ya vipande viwili. Hata hesabu ya kutoa nyuzinyuzi siiamini moja kwa moja, kila mwili na tabia yake, ndo maana namwambia mteja apime mwenyewe, na anaechoma insulini asiguse dozi kwa sababu ya chokleti yangu bila ya kuzungumza na daktari wake.

Yule dada wa jana nimemjibu asubuhi, vizuri kabisa, nimemuelezea kijiko na gramu zake, nikamwambia trei ipo tayari na nitamletea na deli la barafu. Kajibu hapohapo: "Ahsante dada nimekuelewa, basi tia tende."