Mbona Pemba hakuna maporomoko ya maji?

Kazi yangu ni kupima mito inayoshuka Tanga kutoka Usambara, kwa hiyo likizo zikikaribia lazima atokee ndugu au jirani wa kuniuliza: tukivuka kwenda Pemba au Unguja, maporomoko ya kuogelea yako wapi? Ameona picha kwenye simu: kisiwa cha kijani, maji yanamwagika kutoka juu ya mwamba, bahari iko pale pale chini. Picha ni ya kweli, ila haikupigwa huko.

Mvua peke yake haitoshi. Pemba inanyesha vizuri tu, uliza wakulima wa karafuu. Tatizo la kwanza ni kimo: visiwa vyote viwili havina kilima kinachofika hata mita 200, na maji yasiyo na pa kuangukia hayaporomoki. La pili ni mwamba. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki, ni jiwe la matumbawe, na kijito kikishuka kutoka vilima vya magharibi kikalifikia jiwe hilo, kinazama ardhini na kupotea. Ukitaka kuona inavyokuwa, nenda mapango ya Amboni hapa hapa Tanga. Maji ya mvua yana asidi kidogo; yakipita kwenye nyufa za mawe ya chokaa miaka na miaka, yanayala mpaka yanaacha vyumba. Mwamba wa namna hiyo huyameza maji kabla hayajapata nguvu ya kuwa mto.

Kimo nacho kinaweza kukudanganya, na hapa ndipo Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, inaponifurahisha. Mlima Karthala una mita 2,361 na mvua ni kubwa, lakini kisiwa kizima hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Karthala ni volkano hai. Zaha yake, yaani mawe yaliyomwagika yakiwa yameyeyuka kisha yakaganda, bado ni changa, imejaa nyufa na matundu, kwa hiyo mvua inapita moja kwa moja hadi chini na kuchomozea pwani, pengine chini ya usawa wa bahari. Watu wa huko wamezoea kukinga mvua kwenye matangi. Sasa vuka uende Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro: volkano yake ni ya zamani, mwamba umeoza ukawa udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, na mito ipo, maporomoko yapo. Mwali vivyo hivyo. Maore (Mayotte), kisiwa jirani, kuna poromoko la Soulou, si refu, lakini linaangukia ufukweni kabisa. Hiyo ndiyo picha ya jirani yangu.

Réunion, kisiwa kilicho mashariki ya Madagaska, ni habari nyingine. Kilele cha Piton des Neiges kinapita mita 3,000, na Januari 1966, kimbunga kilipopita, mahali paitwapo Foc-Foc palinyesha milimita 1,825 kwa saa 24. Tanga mjini mwaka wa kawaida hatuzifikishi. Lakini hata kule, ukishukia pwani ya magharibi utakuta pakavu. Upande unaopigwa na kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki, ndio wenye mito, kwa kuwa upepo ukigonga mlima unapanda, unapoa na kumwaga mvua yake hapo hapo. Kisiwa chochote chenye milima mirefu katika bahari yetu, uliza kwanza kusi inapiga upande gani.

Sisi wa Tanga kisiwa chetu kiko bara. Usambara Mashariki inasimama peke yake juu ya tambarare, inapokea upepo wa bahari bila kizuizi, na Amani, penye kama mita 900, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mwamba wake ni wa kale mno na mgumu. Maji hayapenyi ila kwenye nyufa. Juu yake kuna msitu, na udongo wa msitu unaachilia maji polepole, ndiyo maana mto Sigi haukauki kiangazi na bwawa la Mabayani linapata cha kutunywesha mjini. Ndani ya hifadhi ya Amani kuna maporomoko ya Derema, hayo ndiyo ninayowaelekeza watu. Pangani Falls jina tu lisikuvute: maji mengi yanapelekwa kwenye mitambo ya umeme, megawati 68 tangu 1995.

Nenda baada ya masika, Juni au Julai, maji bado mengi na njia zimeanza kukauka. Ukifika, kabla hujavua viatu, chagua jiwe lililo ukingoni na ukariri maji yamelifikia wapi. Litazame kila baada ya muda. Alama ikizama, au maji yakigeuka rangi ya chai na kuanza kuleta majani mabichi na vijiti, toka na watoto wote, hata kama juu yako jua linawaka. Mvua imenyesha mlimani na maji yako njiani. Pale maji yanapoangukia panapokuwa peupe kwa povu, usiogelee: maji yaliyochanganyika na hewa hayakubebi, na mwogeleaji hodari anazama kama asiyejua. Kichocho nacho ukiogope zaidi kwenye vidimbwi vilivyotulia vyenye majani, wanakokaa konokono, kuliko kwenye mkondo wa kasi.

Kwenda Amani unapitia Muheza, unalipa kiingilio geti la Sigi na kuchukua mwongozaji. Barabara ya kupanda ni ya vumbi, na mvua ikikolea hata bodaboda husukumwa. Ukisikia Muheza imenyesha siku mbili mfululizo, ahirisha, au nenda Soni kupitia Mombo, ambako maporomoko unayaona ukiwa kwenye lami. Ila panda mchana. Ile barabara ina kona, na mawe huporomoka wakati wa mvua.