Kauli ya marehemu nayo inahojiwa

Bado nawasikia kwenye korido za mahakama hapa Tanga, tena mawakili: "Aliyesema keshafariki, utamhoji nani?" Kauli ya marehemu ikishapokelewa kama ushahidi, utetezi unakaa chini. Jamani, kupokelewa si kuaminiwa! Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inakuruhusu kuthibitisha dhidi ya msemaji asiyekuwepo yale ambayo ungethibitisha kama angesimama kizimbani akakana: kauli zake za awali zinazopingana, rushwa, sifa ya kutoaminika.

Maelezo ya maandishi ya mtu asiyeweza kuitwa mahakamani, chini ya kile tulichozoea kukiita kifungu cha 34B, nayapitia haraka. Masharti yote ya kifungu hicho yatimie kwa pamoja. Ukikabidhiwa nakala, una siku 10 za kutoa notisi ya kupinga.

Kinachonikera ni kauli ya mdomo: "Marehemu aliniambia ni Fulani kamchoma kisu." Hapo wa kutiliwa shaka ni wawili, ninyi mnamdodosa mleta habari peke yake. Naye mnamdodosa vibaya. Kama alipohojiwa na polisi hakumtaja Fulani, asomewe maelezo yake ya polisi, umwonyeshe palipopingana, ajieleze, ndipo uombe yapokelewe. Ukiruka hatua, yatakataliwa.

Kisha mgeukie marehemu. Alimwona mtu kwa mwanga gani, taa ya nguzo pale Ngamiani au koroboi? Umbali gani? Alimfahamu kabla? Jina alilitaja mwenyewe, au aliulizwa "Ni Fulani, eti?" akatikisa kichwa? Na kama kauli yake iliandikwa: alisema Kidigo, karatasi ina Kiswahili, nani alitafsiri, na mbona hatajwi? Maelezo yameandikwa saa nne usiku, faili la hospitali linasema hajitambui tangu saa tatu. Hapo ndipo penye kesi.

Msiniambie anayekata roho hadanganyi. Sheria yetu haidai hata awe alitarajia kufa. Na mtu huweza kukosea kwa moyo safi kabisa, hasa gizani, damu inamtoka.

Jambo moja linanisumbua. Shahidi aliye hai hupewa nafasi ya kueleza kwa nini kajipinga. Marehemu hana nafasi hiyo. Je, mkanganyiko wake ubebe uzito uleule? Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, wakilalamikia hilo wana hoja, na sijapata jibu linaloniridhisha.

Lakini faili la hospitali haliji lenyewe. Muuguzi wa zamu muombee hati ya wito mapema. Ukingoja siku ya utetezi, utaambiwa keshahamishiwa Lushoto.