Kochi hupimwa kwa mwili: kwenda duka kubwa la samani na familia nzima

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, baridi ya Uswidi aliivumilia kuliko nilivyodhani. Kilichomshinda ni kochi letu. Siku ya kwanza alikaa, akanywa chai, na alipotaka kuinuka akaswali ilibidi anishike mkono. Siku ya tatu akaliacha kabisa, akahamia kwenye kiti cha meza ya chakula, kanga ameikunja na kuiweka mgongoni. Hakusema neno, maana mama zetu hawapendi kuonekana mzigo. Lakini mimi ni fundi seremala, na kumwona mama yangu akikwepa samani za nyumba yangu kuliniuma sana.

Jumamosi tukatoka wote watano kwenda duka kubwa la samani: mama, mke wangu, binti yetu wa miaka tisa, mdogo wake wa miaka minne, na mimi. Tuliingia asubuhi, tukatoka jua limeshapinda.

Kila nikiunga kabati nyumbani kwa watu nasikia neno lile lile: "Fundi, safari ijayo nakwenda peke yangu, simbebi mtu." Nawaelewa. Watoto wanalia, mume na mke wananuniana mbele ya magodoro, mzee miguu inamuuma, na mwisho wa yote mnarudi na mishumaa na vikombe. Hata hivyo, kwa niliyoyaona katika kazi hii, aliyekwenda peke yake ndiye anayenipigia simu baada ya miezi michache kuuliza kama kochi linaweza kuongezwa miguu.

Ufundi niliuanzia Keko, Dar es Salaam. Pale, kabla fundi hajashika msumeno, anakuuliza: kiti hiki cha nani? Nyumbani kuna mzee? Kuna mtu mnene? Akishajua ndipo anapokata miguu. Duka kubwa haliulizi. Kila kitu kimekatwa zamani, kimefungwa kwenye boksi, kinakusubiri ghalani. Swali la fundi limebaki kwako mnunuzi, na huwezi kulijibu ukiwa umewaacha wenye miili yao nyumbani.

Ilikuwaje samani zikaishia kwenye boksi? Kusini-magharibi mwa Stockholm kuna mahali panaitwa Kungens Kurva, yaani Kona ya Mfalme, kwa sababu mwaka 1946 gari la Mfalme Gustaf V liliacha njia pale likaingia mtaroni. Hapo ndipo IKEA, kampuni ya samani ya Uswidi, walipofungua mwaka 1965 duka la duara, umbo lililotokana na jumba la makumbusho la Guggenheim la New York. Ingvar Kamprad alikuwa ameianzisha kampuni hiyo mwaka 1943, akiwa na miaka 17. Jina ni herufi za kwanza za majina yake, za shamba la Elmtaryd alikokulia, na za Agunnaryd, kijiji cha jirani. Duka lao la kwanza lilifunguliwa Älmhult mwaka 1958.

Ila tukio linalonigusa mimi kama fundi ni dogo zaidi. Katika miaka ya 1950 mfanyakazi wao, Gillis Lundgren, alikuwa na meza isiyoenea kwenye gari, akaing'oa miguu. Kwenye miguu ile ndimo lilimotoka boksi bapa. Samani ikishakubali kusafiri imelala, mnunuzi mwenyewe ndiye wa kuiunga, na kiungo kinatakiwa kiwe cha mtu asiyewahi kushika patasi. Ulimi na tundu, kiungo nilichofundishwa mwaka mzima kukikata kikae bila kucheza, hakina nafasi humo. Badala yake kuna kichuma cha mviringo unachokizungusha kidogo kwa bisibisi, kikauma kichwa cha skrubu inayotoka ubao wa pili. Ni kitu chenye akili, sikidharau.

Udhaifu uko kwenye ubao wenyewe. Makabati mengi ya maduka makubwa, ya huku na yanayouzwa sasa Dar na Nairobi, ni chenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kisha zikavikwa ngozi ya plastiki au ya mbao nyembamba. Ubao huu una sifa moja ambayo mbao za mti hazina: kila kipande ni sawa na mwenzake. Una maadui wawili. Wa kwanza ni maji. Yakipenya kwenye ukingo, chenga zinavimba na hazirudi tena, kwa hiyo kabati kama hilo usiliweke sakafuni panapopigwa deki ya maji mengi bila kuliinua. Wa pili ni kufunguafungua. Skrubu iliyotolewa na kurudishwa mara tatu au nne hugeuza tundu lake kuwa unga. Kama unahama nyumba kila mwaka, tafuta msonobari mtupu hata ukizidisha bei, au jiandae kuniita nitie kijiti cha mbao na gundi kwenye kila tundu.

Sasa turudi kwa mama. Dukani nilimwomba akae kwenye kila kiti kilichompendeza, na nilimpa kazi tatu tu: akae mpaka mgongo uguse, apige soga na wajukuu kwa muda wa kunywa chai moja, kisha ainuke bila mkono wa mtu. Kochi la kwanza lilikuwa zuri, la kijivu, pana kama kitanda. Alikaa, akazama, magoti yakapanda juu.

"Hili linanimeza, mwanangu."

Nikapima kwa futi: kutoka sakafuni hadi kikalio, sentimita 38, na sponji laini ilikuwa imepunguza nyingine tano alipokaa. Hapo nyonga za mama zilikuwa chini ya magoti yake. Mtu wa umri wake akikaa hivyo, nguvu ya mapaja haimtoshi kuinuka, anatafuta mkono. Tena kina cha kikalio kilimzidi. Akiegemea nyuma, ukingo unamkata chini ya goti. Akisogea mbele, mgongo unabaki hewani. Tulijaribu viti tisa. Cha tisa kilikuwa cha mbao iliyopindwa, kina mikono imara, kikalio sentimita 45, sponji ngumu. Akakaa, akasimulia habari ya jirani yake wa Chumbageni, akasimama akiwa bado anasimulia. Hakujua kama amesimama. Nikaandika namba ya kiti.

Kijana wangu wa miaka minne yeye anafungua droo. Kila droo iliyo dukani ataivuta mpaka mwisho. Zamani nilikuwa namkemea, siku hizi namfuata nyuma. Droo isiyo na kizuizi inamtokea mkononi papo hapo. Ile yenye reli nzuri inasimama. Mimi mtu mzima ningeivuta nusu, kwa adabu, nisigundue kitu. Basi mwache mtoto akague, ila uwe karibu yake, kwa sababu hiyo hiyo droo ndiyo inayoua. Mtoto akizivuta zote na kukanyaga ya chini, uzito wote unakuja mbele na kabati linamwangukia. Mwaka 2016 IKEA waliziita kabati za droo zipatazo milioni 29 zirudishwe nchini Marekani baada ya watoto kufa namna hiyo. Kabati la droo linakuja na mkanda au chuma cha kulifunga ukutani. Lifunge siku ile ile, kabla hujaweka nguo. Wateja wangu wengi hukiacha kifurushi hicho kwenye kikombe jikoni, na mimi huwa siondoki bila kukifunga, hata kama hawakunilipa kwa hilo.

Ugomvi wa mume na mke unastahili maelezo, kwa sababu watu hudhani wana tabia mbaya, kumbe macho yao yamezidiwa. Ukumbi wa duka ni mrefu kwenda juu, kuta ziko mbali, kwa hiyo kochi kubwa linaonekana dogo. Mke wangu aliona kochi la kona akasema litaenea. Nikasema halienei. "Baba watoto, wewe kila kitu kwako hakienei," akanijibu, na hapo tulikuwa tunakaribia kuharibu siku, maana wote wawili tulikuwa tunabishana juu ya sebule isiyokuwepo mbele yetu.

Dawa niliyoiona inafaa ni kanga. Kanga ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110, na kila nyumba yetu inazo. Kochi la watu watatu ni kanga moja na nusu kwa urefu. Kwa kina, ikunje ibaki 90 hivi. Itandike sakafuni mahali mnapotaka kochi likae, muiache siku mbili. Mtu akiikanyaga kila akitoka jikoni, pale ni njia, na njia haifungwi kwa kochi. Ikibidi kuikunja ili mswala upate nafasi, mmejua kabla ya kulipa. Siku ile hatukuwa tumefanya hivyo, nami fundi mzima ningepaswa kulikumbuka. Tulirudi bila kochi la kona. Jioni mke wangu alitandika kanga zake mwenyewe, akatembea pembeni yake kimya, na wiki iliyofuata alichagua la watu wawili na nusu.

Pima na mlango, pima kona ya ngazi. Zaidi ya yote pima dari. Familia moja iliniita kuwaungia kabati la nguo la urefu wa sentimita 236 na kina cha 58. Dari yao ilikuwa 240. Kwa hesabu ya haraka linaenea, zinabaki nne. Lakini maelekezo yalitaka tuliunge likiwa limelala, kisha tuliinue, na kabati linapoinuka halisimami kwa urefu wake, linapita kwa mshazari wake. Mshazari wa 236 na 58 ni 243. Tuliliinua na baba mwenye nyumba mpaka ukingo ukagusa dari, likakwama pale limeinama, mtoto wao anatutazama kutoka kitandani. Ilibidi tulishushe, tulifungue, tuliunge upya likiwa limesimama, mmoja ameshika ubao mmoja amefunga. Toka siku hiyo sichukui kazi ya kabati kabla sijatumiwa kipimo cha dari.

Kuhusu njaa nina neno fupi: kuleni kwanza. Watu wenye njaa hununua kitu cha kwanza chenye bei wanayoimudu ili watoke. Vitonge vya nyama vya mgahawa wa IKEA vimekuwepo tangu 1985, na huku Uswidi vina nyama ya nguruwe pamoja na ya ng'ombe, kwa hiyo sisi huchukua samaki au vitonge vya mboga. Siku ile mama hakutaka hata hivyo. Alikuwa na vitumbua kwenye mkoba, amevikaanga alfajiri sisi tumelala, tukavila ndani ya gari kwenye maegesho, vioo vimejaa mvuke.

Raha iliyonibakia moyoni ilitokea kwenye vitanda. Wajukuu walipanda kitanda cha maonyesho wakamvuta bibi yao, akalala katikati yao na viatu amevivua vizuri pembeni. Akaanza kuwaeleza kitanda cha bibi yake: samadari, kirefu hata mtoto akipandia kwa kigoda, kichwani kimepambwa vioo vilivyochorwa maua, chini ya uvungu masanduku ya nguo za harusi. Binti akauliza kiliungwa kwa skrubu ngapi. Mama akacheka, akaniita nimjibu. Nikajiegemeza kwenye ukingo wa kitanda nikamwonyesha kwa vidole vyangu, kimoja ulimi, viwili tundu, jinsi mbao zinavyoshikana. Watu walipita na matoroli yao. Hatukuwa na haraka tena.

Kiti tulikiunga usiku huo. Binti ndiye aliyezungusha ule ufunguo uliopinda unaokuja ndani ya boksi, mimi nikishika mbao, na nilimfundisha asikaze skrubu yoyote mpaka zote zimeshaingia, la sivyo ya mwisho hailioni tundu lake. Nilimfundisha pia kwamba kiti kipya hulegea baada ya wiki kadhaa za kukaliwa, kwa hiyo kinataka kukazwa tena.

Mama amesharudi Tanga. Akipiga simu hamalizi bila kumwuliza mjukuu wake habari ya kiti. Binti anaiacha simu mezani, anachukua ufunguo kwenye droo, anazijaribu skrubu moja moja, kisha anarudi kumjibu.