Tiba ya kisaikolojia kwa simu na mtandao: maswali na majibu kwa tunaoishi Uganda

Tiba hii ni kitu gani hasa?

Ni mazungumzo ya matibabu kati yako na mshauri nasaha au mwanasaikolojia, ila hamkai chumba kimoja. Mnaonana kwa video, mnapigiana simu au mnaandikiana. Kutumiwa sauti za kutia moyo kwenye WhatsApp si tiba. Tiba ina siku na saa yake, ina shida mliyokubaliana kuishughulikia, na ina mazoezi unayofanya kabla ya kikao kinachofuata.

Inasaidia kweli?

Kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi uliopita kiasi, ndiyo. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa tiba ya kurekebisha fikra na tabia, ikitolewa mtandaoni na mtaalamu anayekufuatilia, huleta nafuu inayokaribiana na ya ana kwa ana. Lakini nyingi zilifanyika Ulaya, Australia na Marekani, kwa watu wenye chumba chao na umeme wa uhakika.

Kwetu tuna mfano wa Masaka na Rakai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji waliofunzwa, ambao hawakuwa madaktari, vilipunguza sana sonona vijijini. Vikundi hivyo vilikutana ana kwa ana. Korona ilipofunga njia mwaka 2020, shirika la StrongMinds, linalotumia tiba ya aina hiyo, liliendesha vikundi vyake kwa simu. Simu za kawaida, si lazima simu janja.

Msemaji wa Kiswahili anapata faida gani?

Kubwa sana. Mama aliyekimbia Kongo akafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka II huenda akakuta mhudumu anajua Kinyankole au Kitooro na Kiingereza tu. Basi atafutiwe mkalimani, na mkalimani mwenyewe ni jirani yake. Kusimulia ubakaji au kifo cha mtoto mbele ya jirani ni mateso juu ya mateso. Kwa simu, mshauri anayejua Kiswahili anaweza kuwa Kampala na mama akabaki kambini.

Tena kuna nauli. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbarara, Gulu na Arua, zina vitengo vya afya ya akili, lakini wataalamu wengi wamejikusanya Kampala, iliko Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Na anayeogopa kuonekana akiingia huko, asije akaitwa mwendawazimu mtaani, anaweza kuanzia nyumbani kwake.

Ugumu mkubwa ni mtandao?

Mtandao unasumbua, sikatai. Bando huisha katikati ya sentensi. Tangu Julai 2021 bando linatozwa ushuru wa asilimia 12, na Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Hata hivyo, kwangu mimi tatizo kubwa zaidi ni faragha. Familia nzima inalala chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na simu ni ya mume. Mke anayepigwa atasema nini mume akiwa upande wa pili wa pazia? Atasema, "Niko salama." Mshauri asiyemwona uso ataandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, kumbe anazama.

Kwa hiyo tafuta mahali kabla ya saa kufika: shambani, nyuma ya kanisa au msikiti, kwa dada unayemwamini. Vaa spika za masikioni, muombe mshauri aulize maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana, na mkubaliane neno la siri. Ukisema "unga umekwisha", ajue kuna mtu karibu na abadilishe mazungumzo. Futa ujumbe baadaye. WhatsApp hufunga ujumbe usisomwe njiani, lakini aliyeshika simu yako atausoma. Na nyinyi wasimamizi wa vituo vya afya, tafadhali tengeni hata chumba kimoja ambacho mtu ataingia na simu yake na kufunga mlango.

Nitamjuaje tapeli?

Muulize alisomea wapi na nani anamsimamia. Mtaalamu wa kweli hukueleza mapema siri zako zitatunzwaje na ni lini atalazimika kumwambia mtu mwingine, kwa mfano maisha yako yakiwa hatarini. Anayekuahidi kupona kwa siku tatu, au anayerekodi bila ruhusa yako, achana naye. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha inazipa taarifa za afya ulinzi maalumu.

Nani asitegemee simu peke yake?

Anayefikiria kujiua, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, anayetishia kudhuru watu, na mlevi wa miaka mingi anayeacha pombe ghafla, maana anaweza kushikwa na degedege. Hawa wapelekwe hospitali siku hiyohiyo, na wasiachwe peke yao. Mtoto anayedhulumiwa anaweza kupiga 116 bila malipo.

Simu ikikatika katikati ya kikao?

Mpangeni tangu siku ya kwanza: nani atapiga tena, na baada ya dakika ngapi. Kila kikao kianze kwa kumwambia mshauri uko wapi, na awe na namba ya mtu wa karibu uliyemchagua wewe mwenyewe.