Ajali imepita zamani, mbona bado anashtuka? Tuzungumze kuhusu kiwewe

Assalaam alaikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo sisi tunaofanya kazi kwenye afya ya akili tunalikuta kila wiki, ila mtaani linapewa majina mengine kabisa, mara huyo kaingiwa, mara ana roho nyepesi, mara anajidekeza tu, na kumbe mtu wa watu anaumwa kweli na ugonjwa wake unatibika.

Nianze na mama mmoja wa kaskazini Pemba, mambo yake mengine nimeyabadilisha asijulikane. Aliletwa na mdogo wake. Mama huyu alikuwemo kwenye MV Spice Islander, ile meli iliyoondoka Unguja kuelekea Pemba imejaza kupita kiasi, ikazama bahari ya Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mamia ya watu wakapotea na waliookoka wengi waliokoka kwa kushikilia magodoro na chochote kinachoelea mpaka kukapambazuka. Yeye alitoka mzima, hakuvunjika hata kidole. Na hilo ndilo kila mtu alilokuwa akimwambia, mshukuru Mungu wewe umetoka, na wallahi alikuwa anashukuru, lakini tokea siku ile hajakanyaga chombo. Mamake kafariki Unguja hakwenda msibani. Mwanawe kaoa mjini, harusi kaiona kwenye simu. Gari ya shamba ikipita inafuka moshi wa dizeli yeye anakaa chini palepale anatweta, jasho linamtoka, moyo hamkani. Usiku analala taa inawaka na mlango haufungi, kwa sababu kule melini watu wengine walikwama ndani.

Miaka imepita mingi. Watu wanauliza, mbona hasahau?

Jibu ni kwamba hakumbuki kama mie na wewe tunavyokumbuka mambo. Kumbukumbu ya kawaida inakuja na tarehe yake, ukikumbuka ulipoanguka na baiskeli unajua hiyo ilikuwa zamani na sasa umekaa barazani unakunywa kahawa. Kwenye ubongo kuna sehemu ndogo mfano wa lozi, kazi yake ni kupiga king'ora hatari ikija, haingoji ufikirie, inakurusha kwanza. Na kuna sehemu nyingine jirani yake inayosaidia kuweka kila tukio mahali pake, wapi ilikuwa, lini, nini kilitangulia na nini kikafuata. Hofu ikipita kiasi king'ora kinapiga kwa nguvu hata ile kazi ya kupanga inavurugika, kwa hiyo tukio linabaki vipande vipande, harufu, sauti ya mtoto analia, maji ya baridi kifuani, bila ya kuandikwa kwamba haya yamekwisha. Ndio maana harufu ya dizeli ya gari iliyosimama kituoni inaweza kumrudisha mtu baharini saa saba za usiku. Haigizi na wala hataki. Mwili wake unaamini meli inazama sasa hivi.

Hali hii ndiyo tunayoiita msongo baada ya kiwewe, na ilipata jina rasmi katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari waliorudi vita vya Vietnam kuonyesha dalili hizi kwa wingi, ila ugonjwa wenyewe ni wa zamani kama binadamu. Dalili zake ukizijua utazitambua hata kwa jirani. Tukio linamrudia, kwa jinamizi au mchana kweupe, siyo kama fikra tu bali kama linatokea upya. Anakwepa kila kinachomkumbusha, mahali, watu, mazungumzo, hata habari ya redio. Mwili uko macho muda wote, mlango ukijibamiza anaruka, usingizi hana, hasira ziko karibu. Na moyo unabadilika, anajiona ana hatia kwa kuwa yeye kapona na wenzake hawakupona, hafurahii kitu, hata wanawe anawaona kwa mbali kama mtu aliye nyuma ya kioo.

Siku za mwanzo baada ya janga dalili hizi karibu kila mtu anazipata na hazina maana kwamba anaumwa, huo ni mwili unajaribu kumeza kitu kikubwa. Tunaanza kuuita ugonjwa zikizidi mwezi mmoja na zikimzuia mtu kuishi maisha yake. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 70 katika kila 100 duniani hukutwa na tukio zito la namna hii katika maisha yao, lakini wanaoishia na ugonjwa huu ni wachache, kama 6 tu katika kila 100 ya hao waliokutwa. Nalisema hili kwa sababu mara nyingine wasiwasi wenyewe unamuumiza mtu, anadhani kwa kuwa yamemkuta basi ameharibika. Hapana. Wengi hupona wenyewe wakiwa na watu wao, na hata kwa walioshikwa na ugonjwa, mpaka 40 katika kila 100 hupata nafuu ndani ya mwaka. Wanaobaki ndio wa kusaidiwa, na hapo ndipo kwetu sisi panapokwama.

Panakwama kwa sababu ya muhali, ule uzito wa kusema jambo kwa kuoneana haya. Bahari haina muhali, meli ikizama kila mtu anajua na serikali inatangaza maombolezo, lakini kiwewe kibaya zaidi visiwani humu mara nyingi hakitoki baharini, kinatoka ndani ya nyumba. Mtoto aliyedhalilishwa na mtu anayemwita ami. Mke anayepigwa. Udhalilishaji wa kijinsia ni miongoni mwa mambo yanayoleta ugonjwa huu kwa wingi kuliko hata ajali, kwa sababu aliyekuumiza ni binadamu, na pengine ni binadamu uliyemuamini, halafu baada ya hapo unaambiwa nyamaza, tutazungumza kifamilia, usituvunjie heshima. Unamuona kila siku anapita, unatakiwa umuamkie shikamoo. Kidonda hicho kitapona vipi? Tunavyo vituo vya Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na mshauri wanapatikana mahali pamoja ili mtu asizungushwe kusimulia habari yake ofisi kwa ofisi, na nawaomba wazazi vitumieni, na mtoto msimwogeshe wala msimbadilishe nguo kabla ya kumpeleka, maana ushahidi unapotea na bila ya ushahidi yule mtu atarudi mtaani.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka lieleweke kuliko yote. Kinachoufanya ugonjwa huu udumu ni kukwepa. Kila yule mama alipogeuza njia asipite karibu na bandari alipata afueni kweli, moyo ukatulia, na ubongo ukajifunza kwamba ee kumbe nimenusurika kwa kuwa nilikimbia, kwa hiyo mara ya pili hofu inaanza mbali zaidi. Mwanzo hakupanda meli. Kisha hakwenda Mkoani, mji wenye bandari. Kisha hakutaka kuona bahari, na ukiwa Pemba hutaki kuona bahari utakwenda wapi? Mwisho akawa mtu wa chumbani. Na sisi jamaa kwa mapenzi tukamsaidia kukwepa, usimtajie, zima redio ikifika Septemba, mwachie asahau. Tunaita subira. Subira ni kitu kikubwa na dini yetu imeisifu, lakini Nabii Yakubu alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe na bado subira yake ikaitwa nzuri, kwa hiyo kulia na kusema siyo kukosa subira.

Wanaume mnakwepa kwa njia nyingine. Wavuvi dikoni wameona mengi, mwenzao kaangukia maji usiku hakuonekana, mashua imepasuka kwa upepo wa kusi, na hakuna hata mmoja anayesema naogopa. Anasema nimechoka tu. Halafu anavuta bangi apate usingizi, au anaingia kwenye unga, au anapiga watoto kwa kelele ndogo. Ukimuona kijana aliyekuwa mpole kabadilika ghafla baada ya jambo fulani, usianze na mabaya yake, muulize kwanza kimekukuta nini.

Wengi kabla ya kufika kwetu wanapita kwa mganga au kwa shekhe, na mie siwalaumu. Kisomo kinatuliza, kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, mtu analikunywa akiwa amezungukwa na watu wanaomtakia heri, na kutojihisi peke yako ni nusu ya dawa. Endeleeni na kisomo na mje hospitali pia, havigombani. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kumfunga mtu kamba, kumpiga ati shetani atoke, kumfukiza pilipili. Mtu ambaye tayari mwili wake unaamini yuko hatarini unamuongezea hatari ya kweli. Mtaturudishia mgonjwa mwenye viwewe viwili.

Na kuna kosa la upande wa pili, la kumkalisha mtu siku ya pili tu ya msiba na kumlazimisha asimulie kila kitu atoe dukuduku. Tafiti zimeonyesha kikao kimoja cha kulazimisha hakizuii ugonjwa, na wengine kinawazidishia. Siku za mwanzo mtu anahitaji vitu vya kawaida kabisa: mahali salama, blanketi, chai, habari za kweli kuhusu jamaa zake, simu apige nyumbani, na mtu wa kukaa naye ambaye akisema atasikiliza na akinyamaza hatamchokonoa. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, Ramadhani iko mlangoni, haujatimia hata mwaka tokea ile ya kwanza, watu walikwenda bandarini na nguo na vyakula bila ya kuagizwa na mtu. Ile ilikuwa huduma ya kwanza ya nafsi, ila hatukujua kwamba ina jina.

Matibabu yenyewe yakoje basi? Ni mazungumzo, lakini siyo ya barazani, yana mpango. Mara nyingi ni vikao vya kila wiki, 8 mpaka 16 hivi. Mama yetu kwanza tulimfundisha kurudi kwenye wakati wa sasa pale mwili unapomchukua, anakanyaga miguu chini kwa nguvu, anataja vitu vitano anavyoviona, anatoa pumzi aste aste kuliko anavyoivuta. Baadaye akaanza kuusimulia ule usiku tokea kupanda meli mpaka kuvuliwa majini, kwa kituo, wiki baada ya wiki. Mara ya kwanza alisimulia dakika tatu tu na akatapika. Mara ya sita alisimulia mpaka asubuhi ya pili yake, ile sehemu ya kuokolewa ambayo miaka yote hakuwahi kuifikia, kwa sababu kila siku kumbukumbu ilikuwa inamwachia katikati ya maji. Kwenye kikao hicho pia alisema jambo lililokuwa limemkaa kooni, kwamba kuna mkono aliuachia. Tulilia wote wawili sitaki kuficha. Halafu tukalitazama taratibu, giza lile, maji yale, nguvu zilizokuwa zimemwishia, na akaanza kuona kwamba mkono ulimtoka, hakuuacha.

Kisha tukaenda bahari kidogo kidogo. Siku moja tuliiangalia kwa mbali, siku nyingine tulikaa Mkoani bandarini mpaka moyo ukashuka wenyewe, maana hofu usipoikimbia hupanda ikafika kilele chake halafu hushuka, na mwili unalijifunza hilo kwa kulipitia tu, huwezi kuuambia kwa maneno. Hatukumlazimisha hata hatua moja. Hatua iliyofuata, siku yake alichagua mwenyewe.

Zipo na dawa, kama setralini, zinasaidia wengi ila zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na hazikatishwi ghafla. Diazepamu, vile vidonge vya kutuliza mnavyopeana majumbani ili mtu apate usingizi, siyo tiba ya ugonjwa huu, zinauzoesha mwili na zinachelewesha kupona. Na msiseme wataalamu hawatoshi basi hakuna tiba. Moshi hapa Tanzania na Bungoma nchini Kenya kulifanywa utafiti kwa watoto waliofiwa na wazazi, waliowahudumia hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa vizuri, na watoto walipata nafuu. Hapa kwetu tuna walimu wa skuli, wauguzi, wanawake wa mitaani wanaoaminika kuliko ofisi yoyote, wakifunzwa wanaweza.

Watoto niwasemee kidogo, hawasemi nina kiwewe. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena, anamng'ang'ania mama hata chooni, anacheza mchezo uleule wa mtu kuzama mara mia, skuli alama zinaporomoka. Msimpige kwa kukojoa. Mwambieni ukweli kwa maneno mafupi, mrudishieni ratiba yake ya kula, ya chuo cha Kurani na ya kulala, na muulize mwalimu anamuonaje.

Kwa anayetaka kuanza, nenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu ukiwa Unguja, kwa Pemba anzia hospitali ya wilaya yako, na kwa mambo ya watoto simu namba 116 ni bure. Ukifika usiseme tu kichwa kinauma na usingizi sipati, maana utapewa panado ukarudi. Sema hivi: kuna jambo lilinikuta, tokea hapo linanirudia na najizuia na mambo mengi. Si lazima useme ni jambo gani siku hiyo ya kwanza. Na kama unafikia kuwaza bora nife, hilo liseme mwanzo kabla ya yote, hata kama ni usiku na hata kama aliyepo ni muuguzi wa zamu peke yake, na kama huwezi kwenda mwenyewe mshike mtu mkono mwende pamoja.