Mkate wa Sinia na Bei ya Kuishi Bila Gluteni

Mzazi akishaambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa siliaki, swali la kwanza analoniuliza mimi, mtaalamu wa lishe hapa Malindi, huwa ni la pesa, kwa sababu ameshapita dukani, akaona pakiti ya tambi zisizo na gluteni kutoka Italia, akasoma bei na kuirudisha pale pale. Italia kwenyewe, serikali humpa mgonjwa posho ya kila mwezi ya kununulia vyakula hivyo. Huku mzazi hutoa yote mfukoni mwake.

Mimi humwambia kwamba pakiti ile haihitaji. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai, nayo huichochea kinga ya mwili wa mgonjwa ishambulie utumbo wake mwembamba, hivyo tiba ni kuiepuka maisha yote. Mchele, mahindi, mtama, muhogo na kunde havina gluteni. Atakachokikosa mtoto ni chapati, sambusa, kaimati, bokoboko na mahamri, na kumnyima mtoto wa pwani mahamri ya asubuhi ni jambo linaloniuma kila mara, ingawa mbaazi zake ataendelea kuzila, kwa vibibi vya mchele.

Penye gharama ya kweli ni kwenye usafi wa unga. Mchele uliosagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano haumfai tena, kwani kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, kwa chakula kisicho na gluteni hakizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa bahati njema mkate wa sinia hauhitaji mashine ya mtaani: mchele huloweshwa usiku kucha, kisha husagwa kwa blenda nyumbani pamoja na tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Vitumbua vya kununua ninavikataza, maana wako wauzaji wanaochanganya unga wa ngano, na mafuta huenda yamekaanga mahamri kwanza.

Kuna pengo moja ambalo wengi hawalioni. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti uongezwe madini ya chuma, lakini mchele tunaousaga nyumbani hauna nyongeza hiyo, ilhali utumbo uliojeruhiwa hufyonza chuma kwa shida na mtoto huja kwangu akiwa tayari amepungukiwa na damu. Kwa hiyo katika karatasi ninayomwandikia mzazi, chini ya mchele naandika dagaa, kunde na mchicha uliokamuliwa ndimu, pamoja na tarehe ya kurudi kupimwa damu.